Kamba ya Roho

Kamba hazilali nje. Ni sheria hiyo tu iliyomrudisha Gitari gengeni jioni ile, saa kumi na moja imeshapita, wakati wenye akili timamu walikuwa wakikaza mwendo kuwahi lango la kijiji. Mchana mvua ilimfukuza kwenye mwamba, akakimbilia kibanda cha vifaa kule barabarani na kuziacha kamba zake mbili zikining'inia. Sasa mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeshuka, naye alikuwa na muda mfupi wa kuzikunja na kuzibeba nyumbani. Kamba ikilala kwenye umande huoza kwa ndani huku kwa nje inakuchekea, na anayegundua ni yule aliye hewani.

Mwaka ulikuwa 1955, katikati ya Hali ya Hatari. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa vitani na wapiganaji wa msituni, ilikuwa imewatoa watu mashambani mwao na kuwasonga katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na mianzi iliyochongwa. Lango lilifungwa saa kumi na mbili. Aliyeonekana nje baada ya hapo hakuulizwa jina, alipigwa risasi.

Kazi ya Gitari ilikuwa kuning'inia. Pale barabara ya Embu kwenda Meru inapoteremkia mto Thuchi ilipita chini ya genge refu, na mvua zikinyesha mawe yalilegea. Gitari alishuka kwa kamba akiwa na mtarimbo, akayang'oa kabla hayajajiamulia pa kuangukia. Kamba ya kwanza iliitwa kamba ya kazi. Hiyo ndiyo iliyombeba, na ilifungwa kwenye vigingi vya chuma. Ya pili ilifungwa kiunoni mwake, ikapanda hadi kwenye mti wa muhuru ulioota juu ya genge. Hiyo haikubeba chochote. Kazi yake ilikuwa kungoja siku ile kamba ya kazi itakapokatika. Wenyewe waliiita kamba ya roho.

Jioni ile akaanza na kamba ya kazi. Ikaja nyepesi, ikidondosha maji. Akaikunja.

Akaishika ya pili.

Haikuja.

Ilikuwa imekaza kutoka mtini hadi ukingoni, kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi bichi. Akadhani imenasa kwenye jiwe, akaitikisa. Kamba iliyonasa hutulia. Hii ilimrudishia mtikiso wake polepole, kwa uzito uliokuwa ukizunguka hewani. Gitari alikuwa ameishi na hali hiyo mikononi miaka sita. Mwisho wa kamba kulikuwa na mtu.

Akatambaa hadi kwenye gunia alilotandika ukingoni ili mwamba usiile kamba. Akachungulia. Kamba ilishuka wima, ikazama kwenye ukungu… Harufu ikapanda. Sabuni. Ile sabuni ya mche ya kufulia.

"Ni nani?" akanong'ona. Siku hizo hakuna aliyepaza sauti porini.

Akasikiliza. Mto tu, huko chini.

Kisha kamba ikavutwa.

Mara moja… mara mbili.

Hapa inabidi nisimame kidogo nieleze, maana asiyewahi kushika kamba hajui. Watu wa kazi hii hawaongei wakiwa kazini, kwa sababu genge hurudisha sauti na kuivuruga. Wanaongea kwa kuvuta. Mara moja, simama. Mara mbili, nishushe. Mara tatu, nivute juu. Na aliye juu, kabla hajafanya lolote, huvuta idadi ileile, ili aliye chini ajue amesikiwa. Akishajibu ameahidi, na ahadi hiyo haivunjwi hata kama nyumba yako inaungua. Mkono wa Gitari ulivuta mara mbili kabla ya mwenyewe kuulizwa.

Basi akalegeza fundo, akaiacha kamba izunguke shina, akaipitisha mgongoni, akaanza kushusha. Pima ya kwanza. Pima ya pili. Uzito ulikuwa wa mtu mwembamba, mtulivu, asiyehangaika. Gitari alitaka kukimbia, ila mikono iliendelea kushusha. Mikono ile ilikuwa na adabu yake. Karibu na mwisho wa kamba uzito ukatoka, kamba ikalegea. Akaivuta juu, ikaja tupu. Kitanzi cha kiunoni, ambacho alikifunga mwenyewe asubuhi akakikaza kwa meno, kilikuwa kimefunguliwa taratibu, na mtu mwenye vidole.

Akazibeba zote mbili mabegani, maana sheria ni sheria, akatimua mbio.

Langoni alikuwa Kithinji, homugadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, wa kutoka Meru, ambaye zamani alikuwa askari jela. Alimpekua Gitari kama kawaida. Alipofika kwenye kamba ya roho akasita. Akainusa.

"Hii umetoa wapi?"

"Kwa Mursal."

Mursal alikuwa Msomali mwenye lori, aliyeleta bidhaa kutoka Meru mjini. Kamba za zamani zilikuwa zimechukuliwa na askari; ofisi ya barabara ikampa Gitari ya kazi tu, ya roho ikamwambia angoje. Akangoja hadi akachoka. Mursal alikuwa amenunua rundo la vitu ambavyo serikali ilivitoa stoo: ndoo, mablanketi, na vipande vinane vya kamba ya manila, vyote vya urefu mmoja, kama pima mbili kila kimoja. "Chukua, ndugu yangu," alimwambia. "Hii imenyooka tayari, haivutiki tena. Wallahi sijui walikuwa wanafungia nini." Gitari alivikagua kidole kwa kidole. Vilikuwa vizima, vimechakaa mahali pamoja tu, karibu na ncha. Kamba ya roho haiungwi, hilo kila fundi analijua. Lakini hakuwa na nyingine wala mtu wa kumwambia acha, akaviunga.

"Ilikuwa vipande?" Kithinji akauliza, sauti imeshuka. "Urefu sawasawa?"

"Ndiyo."

Kithinji akatazama nyuma yake, kisha akasogea karibu. "Wanapaka sabuni ndio fundo ipite mbio. Na usiku ya mwisho wanafunga gunia ya mchanga, uzito ya huyo mtu, inalala ikining'inia. Ndio kamba isivutike asubuhi."

"Mtu gani?"

"Gitari, usinifanye mjinga. Tupa hiyo kitu. Na mimi sijakuambia chochote."

Hakuitupa. Na sababu ya kutoitupa ilikuwa Njue.

Njue ndiye aliyekuwa mshika kamba wake, naye Gitari akimshikia Njue, siku hii huyu, siku ile yule, miaka mitano mfululizo. Mshika kamba humjua mwenzake kwa namna ambayo hata mke hamjui. Gitari aliujua uzito wa Njue akiwa ameshiba na akiwa na njaa. Alijua anavyoning'inia akilalia kushoto, kwa sababu ya nyonga iliyovunjika utotoni. Na kabla ya kutoa ishara yoyote Njue aliitikisa kamba kidogo, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kubisha hodi.

Kamba nazo zililala kwao kwa zamu. Juma lile ilikuwa zamu ya Gitari, lakini paa lake lilivuja, Njue akamwambia lete, nitazitundika kwangu juu ya moto. Usiku huo kukawa na msako. Askari wakazikuta, wakasema ni za kuwateremshia chakula watu wa msituni. Asubuhi kijiji kizima kilipangwa uwanjani. Njue alishasema ni kamba za barabara, na alihitaji mtu mmoja tu wa kuitikia. Ofisa akaziinua juu, akauliza kama kuna anayezijua. Gitari alikuwa kwenye mstari wa pili. Alizijua uzi kwa uzi. Akatazama miguu yake. Lori likaondoka na Njue, na sasa ilikuwa miezi kumi na moja, hakuna barua wala habari wala maiti.

Gitari hakuwa na mwingine. Mke wake alikufa kwa homa mwaka wa kwanza wa kijiji, kabla hawajajaliwa mtoto. Baada ya Njue kuchukuliwa hakuna aliyethubutu kuonekana karibu na kamba, kwa hiyo kamba yake ya roho ikashikwa na mti. Mti haujibu. Unavuta mara mbili ukiwa huko chini, na hakuna anayekuvutia. Aliumia kwa hilo kuliko kwa njaa, na hakumwambia mtu.

Mke wa Njue, Nelius, aliishi kibanda cha tatu kutoka kwake. Alikuwa na mtoto mchanga, Runji, aliyezaliwa baba yake akiwa ameshachukuliwa. Kila jioni alimngoja Gitari njiani.

"Shemeji, hakuna mwenye amesikia kitu?"

"Bado, mama Runji."

"Kama amekufa si waniambie tu. Nitalia nimalize. Hii ya kungoja ndiyo inanimaliza."

Jioni ile pia alimwuliza, Gitari akamjibu vilevile. Lakini usingizi haukumjia. Ikiwa walionyongwa kwa kamba ile wanakuja kushushwa, basi alikuwa na njia ya kujua kama Njue yu hai au la. Mikono yake ingemtambua.

Siku iliyofuata mvua haikunyesha, na hakuwa na kisingizio cha kuchelewa. Alimaliza kazi, akajifungua kitanzi, akakifunga tena kikiwa kitupu, akaitupa kamba ukingoni. Akaketi kwenye mzizi wa muhuru. Jua lilipozama nyuma ya mlima, lango bado halijafungwa, kamba ikakaza. Hakukuwa na kishindo. Uzito ulikuja tu, wote kwa pamoja.

Akaweka kiganja juu yake. Hakuwa Njue. Huyu alikuwa mzito, mpana, na kamba ilitetemeka bila kukoma, kama mtu anayelia huku amejiziba mdomo. Mara mbili. Gitari akajibu mara mbili. Akamshusha polepole, akamkwepesha na jiwe lililotokeza, maana hata hivyo huwezi kumgongesha mtu. Wa tatu, siku ya pili yake, alikuwa mwepesi mno, hajakomaa mifupa. Huyo Gitari alimshusha machozi yakimtoka.

Asubuhi alizunguka chini ya genge kuangalia. Hapakuwa na kitu ila nyasi zilizolala, vijia vyembamba kwenye umande, kimoja kikipanda kuelekea Kianjokoma, kingine kikivuka mto upande wa Meru. Walikuwa wanakwenda kwao. Aliyenyongwa huanguka lakini hafiki chini, na pengine ndicho walichokitaka, kufikishwa. Hayo yalikuwa mawazo ya Gitari. Mimi nayasimulia tu.

Na kuna jambo la aibu, nalo lazima lisemwe. Alianza kufurahi. Aliamka asubuhi ana haraka ya jioni. Aliwasemesha alipokuwa akiwashusha: taratibu, ndugu yangu, hapo kuna jiwe, umefika. Kijijini watu wakaanza kumpisha njia kwa sababu alinuka sabuni wakati wengine hawakuwa na sabuni ya kumwogeshea mtoto. Wakanong'ona kwamba anafuga kitu gengeni, kwamba Gitari ni mchawi. Hakujali. Kwa mara ya kwanza tangu lori lile liondoke, alivuta kamba akavutiwa.

Ikafika jioni moja ya Julai, baridi ya kukata masikio, ukungu umefunika hata mti. Kamba ilikaza mapema.

Akaweka kiganja.

Uzito ulikuwa umelalia kushoto.

Kamba ikatikisika kidogo… kidogo tu.

Kisha mara moja. Mara mbili.

Akakaa chini palepale. Alikuwa amekonda, Njue. Mikono ya Gitari iliona jinsi alivyokuwa amekonda, ikaona miezi yote tangu lori lile, na akalia kwa sauti ambayo ingemletea risasi kama doria ingekuwa karibu.

"Ilikuwa zamu yangu," akanong'ona, midomo imegusa kamba. "Zilikuwa zilale kwangu. Uliniangalia pale mstarini, na mimi nikanyamaza. Njue, nilinyamaza."

Kamba ilitulia. Haikumlaumu wala haikumsamehe. Baada ya muda ukaja tena ule mtikiso mdogo, na mara mbili.

Nishushe.

Gitari hakujibu. Aliwafikiria wale wengine. Hakuna aliyeshuka akarudi. Angemshusha hadi chini, kitanzi kingefunguliwa, Njue angeshika njia yake kwenye umande, na yeye angebaki na mti. Kisha angelazimika kwenda kumwambia Nelius. Nelius angelia akamaliza, na asingekuwa na jambo la kumngojea njiani jioni.

Mara mbili tena. Njue hakuwahi kuwa mtu wa haraka.

"Kesho," Gitari akasema. "Kaa kidogo. Kesho."

Akaizungusha kamba shinani mara tatu, akaifunga fundo juu ya fundo, akaondoka. Mshika kamba hamfungi mtu mtini akaenda zake. Hata mwanagenzi wa siku moja anajua hilo.

Nelius alikuwa njiani, mtoto mgongoni. "Shemeji, hakuna?"

"Bado," Gitari akasema.

Kesho ikawa keshokutwa. Keshokutwa ikawa wiki. Mchana alifanya kazi kwa kamba moja, bila ya roho, na ikiwa angeteleza basi ndiyo basi. Jioni aliketi akiegemea muhuru, kiganja juu ya ile iliyokaza, akimpa mwenzake habari: Runji ameota jino, Mursal amepinduka na lori lakini yuko salama, mahindi yamekuwa haba. Njue alisikiliza. Kisha alitikisa kidogo na kuomba kushushwa. Gitari akamwambia kesho.

Siku hizo wanawake walitolewa nje kuokota kuni alasiri kwa saa mbili, homugadi mmoja nyuma na mmoja mbele. Sijui Nelius aliwaponyokaje.

"Unaongea na nani?"

Gitari akageuka. Nelius alikuwa amesimama kwenye ukungu, mzigo wa kuni mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Hakuwa na mtoto.

"Rudi, mama Runji. Watakupiga risasi."

"Nimesikia umesema Njue."

Akautua mzigo. Akaitazama kamba iliyokaza ikienda ukingoni, akautazama uso wa Gitari, na hakuuliza lile ambalo mtu mwingine angeuliza. Alikuja akapiga magoti. Akaweka mikono yote miwili juu ya kamba.

Walikaa hivyo.

Kamba ikatikisika kidogo.

Nelius akafumba macho. "Ni yeye," akasema, na sauti yake haikuwa na hofu hata chembe. Mwaka mzima alikuwa amegombana na hofu na sasa ilikuwa imekwisha.

Mara moja. Mara mbili.

Njue hakuwahi kumfundisha mkewe lugha ya kamba. Yalikuwa mambo ya kazini, yaliachwa kazini.

"Anasema nini?" Nelius akanong'ona.

Gitari akafungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, na fundo lilikuwa karibu na mkono wake, na kulikuwa bado na muda kabla ya lango. Angeweza kulifungua wakamshusha wote wawili. Mwanamke huyu angelia akamaliza. Aliyaona yote hayo wazi kabisa, na nyuma ya hayo akauona mti usiojibu.

"Anakusalimu," akasema.

Nelius akatabasamu. Gitari hakuwa ameliona tabasamu lile tangu siku za mashambani. Na kwa sababu salamu hujibiwa kama ilivyokuja, kabla ya Gitari kuuwahi mkono wake, Nelius aliishika kamba vizuri akaivuta.

Mara moja. Mara mbili.

Huko chini ndani ya ukungu, uzito ulijiweka sawa. Gitari aliusikia kiganjani: miguu ikikunjwa, bega likigeuzwa mbali na mwamba, jinsi mtu anavyojitayarisha akishaambiwa kwamba amesikiwa. Njue alikuwa tayari kushuka. Kamba ikatulia kabisa. Ilikuwa inangoja.

"Twende, mama Runji," Gitari akasema. "Lango linafungwa."

Mwanamume wa huko habebi kuni, lakini jioni ile aliutwika mzigo wa Nelius mgongoni mwake, ukanda kwenye paji lake mwenyewe, akatangulia. Njia nzima hakugeuka. Nelius alimfuata hatua chache nyuma, akiimba chini kwa chini.